Kidonge cha bibi na sumaku ya Nottingham

Wiki tatu sijaweka kitu hapa na wapo walioanza kuuliza kama nimeacha fani nikanunua bodaboda. Sijaacha. Nilikuwa Kihurio, nyumbani kwa bibi mzaa baba, na leo nawaletea historia ambayo sikuitegemea kabisa. Inaanzia kwenye kinu cha kutwangia tangawizi, inapita Marekani na Uingereza, halafu inarudi jikoni kwa bibi. Kaeni mkao wa kusoma, ni ndefu kidogo.

Kwa wasioifahamu Kihurio: ukitokea Dar unashukia Mkomazi, unaacha barabara kuu ya Moshi, unapita Bendera, ndipo unafika. Ukitokea Same unauzunguka mlima kwa upande wa mashariki: Kisiwani, Maore, Ndungu, kisha Kihurio. Ni tambarare ya joto chini ya milima ya Upare, watu wanalima mpunga na mahindi, na maji yanateremka kutoka juu. Bibi yangu alizaliwa huko juu, akaolewa huku chini, na mpaka leo anasema joto la Kihurio hajalizoea. Ana miaka zaidi ya sitini hapa.

Nilikwenda kwa sababu alianguka. Asubuhi moja alikunywa uji na dawa zake, akatoka kwenda kuangalia mpunga. Alipofika kwenye mfereji dunia ikamzunguka. Bahati nzuri kuna kijana alikuwa anapita na baiskeli. Kwenye kituo cha afya wakampima presha, wakakuta iko chini sana. Shangazi akashangaa, maana bibi ni mgonjwa wa presha ya kupanda. Jioni wakapima tena, imepanda hadi juu. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Majirani wakaanza kusema maneno ambayo mnayajua.

Siku ya pili baada ya kufika nilikuwa nimekaa naye jikoni. Nikamwona anachukua kile kinu kidogo cha tangawizi, anatia vidonge viwili, kimoja cha presha na kimoja cha sukari, anatwanga.

"Bibi, unafanya nini?"

"Natwanga dawa, mume wangu. Vizima vinanikwama hapa." Akajishika koo. "Halafu ukikimeza kizima kinatoka kizima. Mzee wa nyumba ya pili alikiona kwenye beseni alipokuwa hawezi kutoka kitandani. Sasa hela si imepotea?"

Nikaomba bahasha za dawa. Zimeandikwa kwa kalamu "1x2" na "1x1", basi. Kwenye karatasi ya vidonge vya presha kuna jina nifedipine na neno "Retard", na kwenye vile vya sukari kuna metformin na herufi "SR". Mimi ni mhitimu wa chuo kikuu, nimeandika habari za afya gazetini zaidi ya mara moja, na sikujua maneno hayo yanaagiza nini. Ilibidi nimpigie rafiki yangu mfamasia aliyeko Dar. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwambie aache leo leo. Anakunywa dawa ya saa kumi na mbili kwa dakika kumi."

Sentensi hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Nilikuwa nadhani kidonge ni chombo cha kubebea dawa tu, kama gunia linavyobeba mahindi. Kumbe kuna vidonge vinavyobeba na muda. Nikajiuliza swali la kitoto: nani aliwahi kuingia ndani ya kidonge akaona huo muda unavyotunzwa?

Tuanze na hii dawa yenyewe, maana ina kisa. Nifedipine iliingia sokoni Ujerumani mwaka 1975, kampuni ya Bayer ikiiuza kwa jina la Adalat. Ilikuwa kapsuli yenye kimiminika ndani. Inalegeza mishipa ya damu, presha inashuka, tena kwa kasi. Kasi hiyo ikawapendeza madaktari. Miaka ya 1980 ilikuwa kawaida katika hospitali nyingi duniani, mgonjwa akifika na presha ya juu sana, kumpa kapsuli aitafune au kuitoboa na kumdondoshea chini ya ulimi. Baadaye ripoti zikaanza kurundikana: presha ya mgonjwa inaporomoka, ubongo na moyo vinakosa damu ya kutosha, wengine wanapata kiharusi, wengine wanakufa. Mwaka 1995 zikatoka tafiti za Marekani zilizohusisha aina za haraka za dawa za kundi hili na mshtuko wa moyo, na mwaka 1996 madaktari wakaandika wazi katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani kwamba mtindo wa kapsuli chini ya ulimi usitishwe.

Wakati huo huo dawa ile ile, molekuli ile ile, ikiwekwa kwenye kidonge kinachoitoa polepole, inaendelea mpaka leo kutibu presha. Dawa haikubadilika, kilichobadilika ni mwendo wake. Na bibi yangu, kwa kinu cha tangawizi, alikuwa ameirudisha kule ilikotolewa.

Nilipojaribu kumweleza nilihangaika. Mpaka nikakumbuka ndiva. Kwa wasio Wapare, ndiva ni lile bwawa dogo la asili la milimani. Usiku linakusanya maji ya kijito, asubuhi tundu linafunguliwa, maji yanashuka kwenye mfereji na kila shamba linapata kwa zamu. Nikamwambia, "Bibi, kidonge hiki ni ndiva. Wewe unabomoa ukuta." Alinitazama muda mrefu. Baba yake alikuwa mmoja wa waliokuwa wakisimamia zamu za maji. Nilipotaja ukuta nikaona ameelewa kuliko mimi.

Haya, turudi kwenye historia. Fikra ya kuchelewesha dawa kiwandani ilipata umaarufu mwaka 1952, pale Smith, Kline & French ya Philadelphia ilipotoa kapsuli iitwayo Spansule. Ndani yake mlikuwa na mamia ya punje ndogo zilizopakwa tabaka za unene tofauti. Zenye tabaka jembamba zinayeyuka mapema, zenye tabaka nene zinasubiri. Dawa yenyewe ilikuwa amfetamini, lakini tuachane na hilo.

Mwaka 1961 akaja Takeru Higuchi, mtoto wa wahamiaji wa Kijapani aliyezaliwa California na kufundisha Chuo Kikuu cha Wisconsin. Alianza na marhamu za kupaka, akatoa kanuni fupi: kiasi cha dawa kinachotoka hukua kwa kipeuo cha pili cha muda. Kwa lugha ya sokoni, ukisubiri mara nne zaidi unapata dawa mara mbili tu. Sababu ni rahisi. Dawa ya juu inatoka kwanza, ya ndani inabaki na safari ndefu. Baadaye kanuni hiyo ikapelekwa kwenye vidonge na hadi leo wanafunzi wa famasia wanaikariri.

Mwaka 1962 ikatolewa hataza Marekani ya kidonge kilichochanganywa na unga unaoitwa haipromelosi. Unga huu unatokana na selulosi, ile ile ya miti na pamba. Ukipata maji unavimba na kuwa ute. Huhitaji tabaka za kupaka, unachanganya dawa na unga, unakandamiza kwenye mashine, basi. Ni njia ya bei nafuu, na ndiyo maana vidonge vingi vya kutoa dawa polepole duniani vinatumia haipromelosi au ndugu zake.

Halafu kuna walioamua kutengeneza pampu. Alejandro Zaffaroni, mzaliwa wa Uruguay, alianzisha kampuni ya Alza huko California mwaka 1968, na mwaka 1975 mtafiti wake Felix Theeuwes akachapisha habari za kidonge chenye ganda linaloruhusu maji kuingia lakini haliruhusu dawa kutoka, isipokuwa kwa tundu moja dogo. Maji yanaingia, ndani panajaa, dawa inasukumwa nje kidogo kidogo. Ganda lenyewe haliyeyuki. Linasafiri tumbo zima na kutoka chooni likiwa tupu. Nifedipine ya namna hiyo ilipata kibali Marekani mwaka 1989. Kwa hiyo yule mzee wa nyumba ya pili hakuwa mwongo! Hata baadhi ya vidonge vya metformin visivyo vya pampu huacha bonge laini linalofanana na kidonge. Dawa imeshaingia mwilini, kinachoonekana ni mabaki. Ila hakuna aliyemwambia.

Msidhani kila kitu kilikwenda salama. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilitoka Uingereza dawa ya maumivu ya viungo, Osmosin, indomethacin ndani ya pampu ya namna hii. Mwaka 1983 ikaondolewa sokoni baada ya wagonjwa kutobolewa utumbo, na wengine wakafa. Mimi nikisoma kisa hicho nawaza mambo mawili. Kwanza, kidonge kinachotoa dawa polepole sehemu moja ni hatari kikikwama. Pili, kwenye bika ya maabara kila kitu kilionekana kizuri. Hakuna aliyekuwa anakiona kidonge kinafanya nini huko ndani.

Sasa tunaingia kwenye sumaku.

Kwamba viini vya atomi vinaitika mawimbi ya redio vikiwa ndani ya sumaku ilijulikana tangu 1946, kwa kazi za Felix Bloch na Edward Purcell, waliopata Nobel ya fizikia mwaka 1952. Kila molekuli ya maji ina atomi mbili za haidrojeni, na kiini cha haidrojeni kina tabia ya sumaku ndogo sana. Kikiwa ndani ya sumaku kubwa, ukakipigia wimbi la redio la masafa yanayolingana nacho, kinapokea nguvu kisha kinarudisha mlio wake. Masafa ya mlio huo yanategemea ukali wa sumaku pale kilipo. Kwa zaidi ya miaka 20 wanakemia waliitumia elimu hii kujua kitu kimeundwa na nini. Hakuna aliyepata picha, kwa sababu milio yote ilikuja kwa pamoja kama kelele za stendi ya Ubungo enzi zile.

Mwaka 1971 Mmarekani Paul Lauterbur alikuwa anakula baga kwenye mgahawa wa Pennsylvania fikra ikamjia: ukiifanya sumaku iwe kali zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kwa makusudi, basi masafa ya mlio yatakuambia umetoka wapi. Alichora picha ya mirija miwili myembamba ya maji. Jarida la Nature lilimkatalia kwanza, kisha likachapisha mwaka 1973. Naomba mzingatie hilo la mirija ya maji. Picha ya kwanza ya aina hii haikuwa ya ubongo wala moyo. Ilikuwa picha ya mahali maji yalipo.

Nottingham, Uingereza, kulikuwa na Peter Mansfield akitembea kwenye njia hiyo hiyo kivyake. Huyu bwana nimempenda. Alizaliwa London 1933, akafeli mtihani wa kuchuja watoto wa miaka 11, akaacha shule akiwa na miaka 15, akafanya kazi kwa fundi wa kujalidi vitabu. Akaenda kwenye idara ya roketi, akasoma jioni, akaingia chuo kikuu, na kufikia 1964 alikuwa mwalimu Nottingham. Mwaka 1977 alieleza njia ya kupata picha kwa haraka kubwa, ambayo ndiyo iliyofanya MRI ifae kwa viungo vinavyosogea. Yeye na Lauterbur walipewa Nobel ya tiba mwaka 2003. Mansfield alifariki 2017. Wanaofeli darasa la saba, mnasikia?

Huko huko Nottingham kulikuwa na idara ya famasia yenye watu waliokuwa wakihangaika na vidonge vya haipromelosi, Colin Melia na mwanafunzi wake Ali Rajabi-Siahboomi miongoni mwao. Tabu yao ilikuwa hii. Walijua kidonge kikilowa kinajivika koti la ute, na kwamba koti hilo ndilo linaloamua dawa itoke kwa kasi gani. Lakini ukitaka kulipima koti unafanyaje? Unakitoa kidonge kwenye maji, unakikata. Ukishakikata kimekwisha, tena ute umeburugika kwa kisu chako. Unachukua kingine, unakiacha saa moja zaidi, unakikata nacho. Wengine walipima kwa sindano, wengine kwa rangi. Ni kama kutaka kujua makande yameiva kiasi gani kwa kufunua chungu kila dakika. Yale utakayoyaona si yale ambayo yangekuwa usingefunua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakabisha hodi kwa jirani zao wa fizikia. Mwaka 1994 yakatoka machapisho yao, na kwenye moja, pamoja na Richard Bowtell, lipo jina la Mansfield mwenyewe. Mtu aliyewatengenezea wagonjwa mashine ya picha alikuwa mmoja wa walioigeuza iangalie kidonge.

Walichofanya ni rahisi kueleza. Kidonge kinawekwa ndani ya maji, kinaingizwa kwenye sumaku, na kila baada ya muda inachukuliwa picha ya kipande chake cha katikati, bila kisu. Kidonge ni kile kile tangu mwanzo mpaka mwisho. Na hapa ndipo uzuri wa haidrojeni ya maji unapoonekana. Unga mkavu hautoi mlio unaoweza kunaswa, kwa hiyo kiini cha kidonge kinatoka cheusi tii. Maji ya nje yako huru, yanatoa mlio mkubwa. Katikati ya hivyo viwili kuna ute, na maji yaliyomo kwenye ute yameshikwashikwa na nyuzi za selulosi, mlio wake unafifia upesi. Basi unaliona koti lenyewe, linaanza kama uzi, linanenepa, na kile cheusi cha katikati kinapungua saa kwa saa.

Mojawapo ya mambo waliyoyaona ni kwamba kidonge hakivimbi sawasawa. Kinarefuka kwenda juu na chini kuliko kinavyotanuka pembeni. Na si ute peke yake unaofanya hivyo, hata kiini ambacho bado hakijageuka ute kinatanuka. Maelezo yao yananifurahisha mpaka leo. Kiwandani kidonge kinakandamizwa kwa nguvu kutoka juu na chini. Ule mkandamizo haupotei, unabaki umefungiwa ndani, kama sponji ya godoro iliyofungwa kamba kwenye keria ya basi. Maji yakifika yanafungua kamba, na kidonge kinarudi kule kilikotoka. Kumbe kidonge kinakumbuka jinsi kilivyotengenezwa. Kisu kisingekuonyesha hilo kirahisi.

Tangu hapo sumaku na vidonge wamekuwa marafiki. Wapo waliopima, ndani ya kidonge hicho hicho, maji yanaingia kwa kasi gani na ute ni mzito kiasi gani mahali gani. Hatua iliyofuata ndiyo Osmosin ingeihitaji: kukitazama kidonge kikiwa ndani ya mtu. Mwaka 2003 watafiti wa Zürich, Uswisi, walichapisha kazi ambayo watu wenye afya walimeza vidonge vya kukaa tumboni vilivyotiwa chembe za oksidi ya chuma ili vionekane kwenye picha, wakafuatilia viko sehemu gani ya tumbo na chakula kinavisogeza vipi.

Mwaka 2005 ukatoka utafiti wa Ujerumani ambao mimi naona ungestahili kuandikwa kwenye kuta za viwanda vya dawa. Walichukua watu 12 wenye afya, wakawapiga picha za MRI, wakapima maji yaliyomo ndani ya utumbo mwembamba. Nani hadhani utumbo umejaa maji kama bomba? Kwa mtu aliyefunga walikuta wastani wa mililita 105, na kwa aliyekula, mililita 54. Kikombe kidogo cha chai na nusu yake! Tena hayajaenea, yamekaa madimbwi madimbwi, na katikati ya madimbwi ni pakavu. Kidonge kinatoka kwenye dimbwi moja, kinakaa kwenye ukavu, kinafika dimbwi jingine. Anayejua mito ya Upare wakati wa kiangazi hahitaji picha.

Sasa linganisheni na kipimo cha kawaida cha viwandani. Kidonge kinatumbukizwa kwenye chombo, mara nyingi cha mililita 900, joto la nyuzi 37, pangaboi dogo linazunguka, na kila baada ya muda maji yanachotwa kupimwa. Ni kipimo cha lazima na sikidharau, kwa sababu ndicho kinachotulinda. Sumaku ya utafiti ni ghali na haiwezi kukaa kila kiwandani. Ila ni vizuri kujua kwamba kipimo ni ziwa na utumbo ni madimbwi.

Na sisi je? Mnadhani mambo haya ni ya Wazungu tu? Sivyo. Mwaka 1966, watafiti wa Taasisi ya Malaria ya Afrika Mashariki iliyokuwa Amani, kule Usambara, mlima wa pili tu kutoka kwetu, walichapisha utafiti wa sindano za kuzuia malaria kwa watoto wa shule wa Kiafrika. Sindano hizo ziliwekwa dawa ya cycloguanil katika umbo lisiloyeyuka upesi, ili ikae kwenye msuli na kutoka kidogo kidogo kwa muda mrefu. Ni ndiva nyingine hiyo, ya msulini.

Mwaka 2003 watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Sweden walichapisha uchunguzi wa vidonge vya malaria vilivyokuwa vikiuzwa na maduka ya jumla ya Dar es Salaam. Kwa upande wa SP, vilivyofeli mtihani wa kuyeyuka vilikuwa vingi kuliko vilivyopungukiwa dawa. Maana yake dawa imo kamili kwenye kidonge, lakini haitoki inavyotakiwa. Hivyo havikuwa vidonge vya kuchelewesha, na ndilo tatizo, vilipaswa kutoka upesi. Mwaka huo huo wa 2003 ikaundwa TFDA, ambayo tangu 2019 ni TMDA, na kuyeyuka ni moja ya vitu ambavyo maabara yao inapima. Pale Moshi, mkoani kwetu, Shule ya Famasia ya Kilimanjaro imeshirikiana na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kuwafundisha wafamasia wa Afrika namna dawa zinavyotengenezwa na kudhibitiwa viwandani. Yaani elimu ya ukuta wa ndiva ipo ndani ya mkoa ule ule ambao bibi yangu anatwanga vidonge. Haijafika kwenye bahasha ya "1x2".

Nimemuuliza rafiki yangu mfamasia kwa nini bahasha haiandikwi "usitafune, usisage". Akasema dirishani kuna foleni. Nikamwuliza hayo maneno mawili yanachukua sekunde ngapi. Akasema ninyi waandishi mna matatizo. Baadaye akatuma ujumbe kwamba ameanza kuyaandika. Pia akanifundisha jambo la kutowatisha watu: vipo vidonge vya polepole vyenye mstari katikati ambavyo mtengenezaji ameruhusu vikatwe vipande viwili, ila kusaga ni marufuku, na asiyeweza kumeza aseme, kwani mara nyingi dawa mbadala ipo.

Bibi alipelekwa akaonwa upya na daktari. Akabadilishiwa ile ya presha, akapewa kidonge kidogo zaidi ambacho koo halikikatai. Cha sukari kikabaki kile kile, na hapo ubishi ukaendelea. Ndiva kaielewa, lakini anasema ndiva anaijua kwa macho, hii ya tumboni nimeisoma tu kwenye kompyuta. Mwandishi mzima nikakosa jibu.

Usiku wa mwisho nikafanya jaribio la kimaskini. Nikatia maji ya vuguvugu kwenye glasi, nikatumbukiza kidonge kimoja cha sukari, nikaiweka dirishani. Bibi akalala akiniona chizi. Asubuhi saa kumi na mbili nikamwita. Kidonge kilikuwa kimevimba, pembezoni kimekuwa ute wa kupitisha mwanga, na ukiiinua glasi kwenye jua unaona katikati bado kuna weupe mkavu. Sumaku hatuna, lakini kulikuwa na jua la Kihurio.

Bibi akaingiza kidole, akakibonyeza, akakivuta kidogo. Kikamnata.

"Huu si mlenda huu?"

"Ndiyo bibi. Dawa inatoka humo polepole, mpaka kesho."

Akakaa na glasi mkononi muda mrefu, anaigeuza. Kisha akachukua bahasha, akatoa kidonge cha siku ile, akakilaza juu ya ulimi, akanywa maji vikombe viwili, akameza kizima. Akafuta mdomo kwa kanga.

"Na hiki cha kwenye glasi," akasema, "nani ananilipa?"